Shajara ya mradi: kuchepusha na kubadilisha hita ya maji kwenye yoti kongwe, Mtwapa

3 Mei

Jambo hili lilianza kwa sauti. Kwa usiku wa tatu mfululizo pampu ya maji matamu imekuwa ikijiwasha yenyewe, inanguruma kwa sekunde mbili tatu, inanyamaza, kisha baada ya dakika ishirini hivi inarudia, ilhali hakuna mfereji uliofunguliwa wala mtu aliyeamka. Ami, ambaye ni ndugu wa marehemu baba yangu na ndiye mwenye chombo, alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo kwa miaka mingi, na mtu wa aina hiyo hawezi kulala mashine ikifanya kazi bila sababu. "Inuka, mwanangu," aliniambia saa tisa za usiku. "Maji yanakwenda mahali, nasi hatujui ni wapi."

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kukiona chombo: ni yoti ya tanga ya faibaglasi, mita 10 na nusu, iliyoundwa Uingereza mwaka 1979, yenye injini ya dizeli ya Perkins 4.108, ile ya silinda nne na lita 1.76 ambayo kila aliyewahi kuimiliki anajua kwamba huvuja oili kidogo kwa nyuma, akaizoea. Imefungwa kwenye boya katika mkono wa bahari wa Mtwapa. Mwenyewe wa zamani alifunga hita ya maji ya lita 22 ndani ya sanduku la kushoto, kando ya mahali pa mshika usukani. Hita hiyo hupata moto kutoka kwa injini: kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyotiwa dawa, ikishachemka inapitishwa kwa mipira miwili ya maji hadi kwenye koili, bomba lililoviringishwa ndani ya tangi la hita, inayapasha maji ya kuogea, kisha inarudi kwenye injini. Maji hayo mawili hayatakiwi kukutana kamwe.

Tulikagua ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapojikusanya, kwa tochi tukaikuta kavu. Tulifuta kila kiungo cha bomba kwa karatasi ya tishu, kuanzia tangini hadi kwenye mfereji wa jikoni, na karatasi ilitoka kavu kila mara. Tulizima pampu kwenye swichi yake tukarudi kulala.

4 Mei

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilifungua kifuniko cha tangi la kulanti. Juzi nilipolitazama, kiwango kilikuwa vidole viwili chini ya shingo. Leo limejaa hadi ukingoni, na rangi yake ya kijani imepauka ikawa karibu na maji ya dafu. Chini ya injini, katika sinia la kukingia oili, kulikuwa na maji ya kutosha kujaza bakuli, ambayo mimi nilikuwa nimeyadhania kuwa ni ya mvua iliyopenya kwenye mfuniko wa sitaha. Mvua za masika huficha makosa mengi.

Ami hakuhitaji kuona zaidi. Pampu ya maji matamu inasukuma hadi baa 2.8 kabla ya kujikata. Mzunguko wa kulanti, hata injini ikiwa moto, hauzidi baa moja, na injini ikiwa imelala hauna msukumo wowote. Ikiwa koili ya ndani ya hita imetoboka, basi pampu inayasukuma maji ya kunywa kuingia kwenye injini, tangi la kulanti linajaa na kufurika kwenye sinia, msukumo wa mabomba unashuka, nayo pampu inajiwasha kuufidia. Ndiyo maana ngama ilikuwa kavu: maji hayakuwa yakitoka kwenye bomba, yalikuwa yakihamia kwenye injini.

Hasara kwa injini si ndogo, kwani kulanti iliyozimuliwa hupoteza dawa za kuzuia kutu. Lakini lililotukalisha kimya ni lile la upande wa pili. Tukiwa njiani, injini ikichemka na pampu ikiwa imezimwa kama tunavyofanya siku zote tunapofungua matanga, msukumo unageuka, na kulanti inaweza kupenya kwenye maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Kulanti ya kawaida ya magari ina glaikoli ya ethilini, ambayo ni sumu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ladha yake ni tamu, haimtahadharishi mtu. Tangu dakika hiyo tulifunga mifereji yote kwa utepe, na maji ya kunywa yakawa yale ya mtungi kutoka nchi kavu.

5 Mei

Dhana si ushahidi, kwa hiyo kabla ya kukata chochote tulifanya jaribio. Tulizima umeme wote wa hita na wa pampu, tukafungua mifereji kuondoa msukumo, tukayamwaga maji ya hita kwa mpira mrefu uliotumbukia kwenye ndoo. Kisha tulichomoa mipira yote miwili ya kulanti kwenye hita, tukaziba tundu moja kwa plagi ya mpira na klempu, na kwenye la pili tukafunga kipande cha mpira chenye vali ya tairi la baiskeli. Nilipiga pampu ya baiskeli yenye saa ya kupimia. Sindano ilipanda hadi baa moja, na nilipoacha kupiga ikashuka hadi sifuri kabla sijahesabu arobaini. Ami alikuwa jikoni, sikio lake likiwa kwenye mfereji wa maji moto. "Inapumua," alisema. Hewa niliyoisukuma kwenye koili ilikuwa ikitokea mferejini.

Tulipata pia mambo mawili tusiyoyatafuta. La kwanza ni bamba la hita, ambalo baada ya kusuguliwa lilisema kwamba elementi yake ya umeme, ile inayoyapasha maji injini ikiwa imezimwa, ni ya volti 120 na wati 1,500, yaani ya soko la Marekani. Umeme wetu wa gatini ni wa volti 240. Elementi ikipewa volti maradufu huvuta nguvu mara nne, kwa hiyo wati 6,000, na sanduku lote lingeungua. Kumbe nyaya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa utepe na mtu aliyetutangulia, naye hakuandika popote. La pili ni vali ya njia moja kwenye bomba la maji baridi linaloingia kwenye hita. Niliifungua, nikaiosha, nikaijaribu kwa mpira safi: upande mmoja hewa ilipita, upande wa pili haikupita hata kidogo. Vali hiyo ndogo ndiyo iliyozuia kulanti isirudi nyuma hadi kwenye tangi kuu. Uchafu wowote uliopenya ulibaki ndani ya hita na kwenye bomba la maji moto peke yake.

6 Mei

Leo tumeichepusha hita, yaani kulanti sasa inazunguka bila kupita ndani yake. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko mjadala.

Mimi nilipendekeza tuichukue ile mipira miwili tuiunganishe mmoja na mwenzake palepale kwenye hita kwa kiungo cha shaba cha milimita 16, tumalize. Ami alikataa, akasema kwamba kufanya hivyo ni kuacha mita nne za mpira wa miaka mingi zikizungusha kulanti ya moto ndani ya sanduku bila faida yoyote, na kila sentimita ya mpira ni mahali pa kupasuka. Alitaka mipira yote miwili ing'olewe kwenye injini, na matundu mawili ya injini yaunganishwe kwa kipande kifupi kilichopinda kama kigwe cha kikapu. Nilimuuliza kwa nini tusizibe tu matundu hayo kwa plagi, tukaokoa hata hicho kipande. Jibu lake naliandika hapa kwa sababu ni kosa ambalo watu hulifanya: katika baadhi ya injini, njia ya hita ndiyo inayoyaruhusu maji kuzunguka wakati themostati, ile vali inayofunguka injini ikipata moto, bado imefunga, na ukiiziba, sehemu za kichwa cha injini huchemka kabla ya themostati kupata habari. Kwa kuwa kijitabu tulicho nacho hakisemi wazi kuhusu mpangilio wa mabomba ya injini hii iliyogeuzwa kwa matumizi ya bahari, kuunganisha ni salama na kuziba ni bahati nasibu.

Mpira tuliotumia ni ule wa hita za magari, mweusi, wenye nyuzi ndani, unaostahimili joto. Mpira wa bustani, hata ukiwa mpya, hulainika kwenye nyuzi 80 na kuchomoka. Kila ncha ilifungwa klempu ya chuma kisichoshika kutu. Upande wa maji matamu tuliunganisha bomba la baridi na la moto kwa kiungo kimoja, ili mifereji yote miwili itoe maji baridi. Tungeweza kuliziba bomba la moto, lakini maji yangesimama humo na kuoza, na zaidi ya hayo tulihitaji kulisuuza.

Tulijaza kulanti polepole huku injini ikizunguka taratibu bila mzigo, nami nikiuminya mpira kwa mkono ili mapovu ya hewa yapande. Sindano ya joto ilisimama kwenye 82 na haikusogea. Pampu ya maji ilijikata, ikanyamaza. Nimekaa saa nzima nikiisikiliza, na sijawahi kufurahia ukimya kiasi hicho.

8 Mei

Siku mbili za kusuuza. Tuliimwaga kulanti yote, lita saba na kidogo, kwenye madumu, nami nikayapeleka kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu, haikumwagwa baharini. Tuliijaza injini maji safi, tukaizungusha hadi themostati ikafunguka, tukamwaga, tukarudia mara tatu hadi yalipotoka meupe, ndipo tukaweka kulanti mpya. Safari hii Ami alisisitiza ile yenye glaikoli ya propilini, ambayo madhara yake kwa mwili ni madogo mno ikilinganishwa na ile ya ethilini. Ni ghali zaidi na ilibidi niitafute katika maduka manne ya vipuri Mombasa. Baadhi ya wauzaji waliniambia kwamba pwani hakuna barafu, basi kulanti ya nini, weka maji ya mferejini. Barafu kweli hakuna, lakini kutu ipo, na kiwango cha mchemko pia kipo.

Bomba la maji moto tulilisuuza kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini, tukayaacha usiku kucha, kisha tukapitisha matangi mawili ya maji safi.

28 Mei

Wiki tatu bila hita. Mchepuko hauna dosari: kiwango cha kulanti hakijasogea hata kwa unene wa ukucha, na pampu hailii ila mtu akifungua mfereji.

Sasa limezuka swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo, nalo ni kama tunahitaji hita hata kidogo. Maji ya tangini hapa huwa nyuzi 27 au 28. Tumekuwa tukilaza jerikeni jeusi la lita 20 kwenye sitaha tangu saa nne asubuhi, na siku ya jua kufika saa tisa maji yake hayashikiki bila kuchanganywa. Msaada huo haugharimu chochote wala hauna koili ya kutoboka. Nilimweleza Ami hivyo kwa urefu. Aliniacha nimalize, kisha akanionyesha mikono yake iliyotoka kwenye injini, yenye grisi hadi kwenye viwiko, na sufuria ya samaki wa kupaka iliyoganda mafuta ya nazi. "Jua lako," alisema, "limetoka lini wiki hii?"

Halikutoka. Kusi imeingia na mvua zake, na usiku tuliporudi kutoka Kilifi tukipigwa na mawimbi ya mbele, sote wawili tulishuka tumelowa na kutetemeka, huku injini ikiwa imefanya kazi saa tatu na moto wake wote ukitupwa baharini pamoja na maji ya kupoza. Hapo ndipo nilipokubali kushindwa. Moto huo tumekwisha kuulipia kwa dizeli, na kuutupa ni ubadhirifu. Tutaweka hita mpya, ila mchepuko utabaki hadi siku itakapofika, na hatutafanya haraka.

11 Juni

Hita ya zamani imetoka. Ilibidi ngazi ya kuingilia, betri moja na subira yangu yote ziondoke kwanza. Ubao wa plaiwudi ilioukalia ulikuwa umeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama bila kusukumwa.

Nikaipasua kwa msumeno wa mviringo ufukweni ili tuone kilichoiua. Tangi ni la aluminiamu, na pale koili inapotokeza nje palikuwa pamefungwa viungo vya shaba moja kwa moja. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya unyevu wa chumvi huwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kulikuwa na unga mweupe kuzunguka kila uzi wa skrubu, na kando ya weldi ya koili, tundu ambalo sindano ya kushonea ingepita. Chini ya tangi nilikokota zaidi ya kilo moja ya magamba ya chokaa. Hayo ni ya maji ya visima vyetu, ambayo yamepita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa yao, na katika visima vilivyo karibu na pwani hubeba na chumvi kidogo. Nimeweka kipande cha ukuta wa tangi hilo mezani kwangu.

Kuhusu ya kubadilisha, tulizingatia nne. Ile hita ndogo ya papo kwa papo inayofungwa juu ya bomba la bafuni katika nyumba nyingi za Kenya iliondolewa mapema, kwani huvuta wati elfu tano na kuendelea, na jenereta yetu inatoa elfu mbili. Hita ya nyumbani ya kutundika ukutani ni nafuu na inapatikana mjini, lakini haina koili ya injini, na haikuundwa kutikiswa. Fundi mmoja wa kuchomelea, ambaye kazi yake ya matangi ya dizeli naiheshimu, alijitolea kutuundia tangi na koili. Ami alimshukuru, akakataa kwa upole: chombo kinachobeba maji ya moto chini ya msukumo, kando ya kichwa cha mtu aliyelala, ni lazima kiwe kimejaribiwa kiwandani na kupigwa mhuri.

Tumeagiza kutoka Ulaya hita ya chuma kisichoshika kutu, lita 22, yenye elementi ya wati 750 kwa volti za kwetu, vali ya usalama ya baa 7 na vali ya kuchanganyia maji. Hesabu ya elementi ni hii: kuyapandisha maji lita 22 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunataka takriban uniti 0.84 za umeme, kwa hiyo wati 750 zitachukua saa moja na dakika saba au nane. Elementi kubwa ingefanya haraka zaidi, lakini hii jenereta yetu inaibeba bila kulalamika na inaacha nafasi ya chaja ya betri. Usafirishaji na ushuru ulikaribia nusu ya bei ya hita yenyewe, na hilo naliandika kwa uchungu.

Chuma kisichoshika kutu nacho kina adui, nayo ni chumvi katika maji. Kuanzia sasa tangi la chombo litajazwa maji ya mvua au ya bomba la mji. Maji ya kisima yatakuwa ya kuoshea sitaha.

15 Julai

Hita imefika, na leo tumeandaa mahali pake. Tuliondoa mabaki ya ubao uliooza, tukapiga plaiwudi mpya ya milimita 18, tukaipaka epoksi mara tatu pande zote, hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la skrubu, kwani hapo ndipo maji huanzia. Hita ikijaa itakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, na chombo cha tanga hulala upande, kwa hiyo imefungwa kwa bolti nne zinazopenya ubao na kushikwa kwa sahani za chuma upande wa chini. Skrubu za mbao peke yake zisingetosha.

Jambo la kimo lilitutoa jasho. Hita ikiwa juu kuliko tangi la kulanti, hewa hukwama kwenye koili na haitoki. Nilishuku kwamba ya zamani ilikuwa hivyo, kwa kuwa sanduku linaonekana kuwa chini kwa jicho lakini jicho hudanganya ndani ya chombo kilichopinda kila mahali. Tulitumia mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ule ambao waashi hupimia usawa wa msingi, ncha moja mimi nikiishika kwenye sanduku na nyingine Ami kwenye injini, wakati wa maji mafu na asubuhi isiyo na upepo, chombo kikiwa kimetulia wima. Ya zamani ilikuwa juu kwa sentimita sita. Mpya imelazwa upande, jambo ambalo mtengenezaji ameliruhusu, na sasa koili iko chini ya kiwango cha kulanti kwa sentimita nne.

17 Julai

Mabomba. Kwenye maji baridi mfuatano ni huu: vali ya kufungia, vali mpya ya njia moja, tangi dogo la hewa la lita moja, kisha hita. Tangi la hewa halikuwapo zamani. Maji ya lita 22 yakipanda kutoka nyuzi 27 hadi 85 huvimba kwa zaidi ya nusu lita, na kwa kuwa vali ya njia moja haiyaruhusu kurudi nyuma, yasipopata mahali pa kwenda yataifungua vali ya usalama kila injini inapochemka. Vali hiyo imewekwa kwa ajili ya hatari. Ikitumika kila siku hushika chokaa na kuanza kudondoka moja kwa moja. Mpira wake wa kutolea tumeuelekeza kwenye chupa tupu ya maji iliyo chini ya sinki, mahali tutakapoiona kila siku. Ungeelekezwa kwenye ngama, tusingejua lolote.

Vali ya kuchanganyia imewekwa kwenye nyuzi 50. Maji yanayopashwa na injini hufika 80, na maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi kwa sekunde chache. Viungo vyote vinavyoingia kwenye hita ni vya chuma kilekile kisichoshika kutu au vya plastiki ngumu. Hakuna shaba inayogusa tangi.

Umeme niliufanya mimi na Ami akakagua. Waya ni wa nyuzi nyingi laini wa milimita za mraba 2.5, kwa sababu waya mgumu wa nyumbani huvunjika kwa mtikisiko. Hita ina swichi yake peke yake ya kukata umeme ukizidi, na kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampia 30. Juu ya swichi nimebandika karatasi: "Usiwashe kabla maji hayajatoka mferejini." Elementi ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua ndani ya muda mfupi sana.

18 Julai

Siku ya kuwasha, na kosa langu. Mipira miwili mipya ya kulanti niliipitisha jana juu ya boriti iliyo mbele ya injini kwa sababu huko ilikaa vizuri na haikugusa kitu. Tuliondoa kigwe cha mchepuko, tukaunganisha, tukajaza, tukawasha. Baada ya dakika kumi na mbili sindano ilipita 85, ikafika 90, ikaendelea. Ami alizima injini kwenye 95 kabla sijasema neno. Mpira mmoja ulikuwa wa moto, wa pili ulikuwa baridi kama jiwe.

Kazi yote ya kupima kimo kwa mpira wa waashi nilikuwa nimeiharibu kwa kupitisha mipira juu ya boriti: hewa ilijikusanya kwenye kile kilima na kuziba njia. Ami hakunigombeza. Aliuliza tu, "Maji hupanda mlima kwa nini, mwanangu?" kisha akaenda kupika chai. Injini ilipopoa niliishusha mipira chini ya boriti, nikaikinga isisuguane kwa vipande vya mpira uliopasuliwa, na kwenye sehemu iliyobaki ya juu kabisa nikaweka kiungo chenye skrubu ndogo ya kutolea hewa. Tulijaza tena, tukaifungua skrubu hadi kulanti ikatoka bila povu.

Mara ya pili sindano ilisimama kwenye 82. Baada ya dakika arobaini za mizunguko 1,500 kwa dakika, maji yaliyotoka kwenye hita kabla ya vali ya kuchanganyia yalikuwa nyuzi 74 kwa kipimajoto cha jikoni, na kwenye mfereji yalikuwa 50. Klempu moja ya maji baridi ilidondoka, nikaikaza nusu mzunguko, ikaacha.

19 Julai

Injini ilizimwa jana saa kumi na moja na nusu jioni. Leo saa moja asubuhi maji ya hita yalikuwa bado nyuzi 57. Ami ameoga, ametumia zaidi ya fungu lake, na hakuomba radhi.

6 Agosti

Tumekwenda Kilifi na kurudi mara mbili, mara ya pili chombo kikilala sana upande wa kulia. Hita haijasogea. Kiwango cha kulanti kiko vidole viwili chini ya shingo, rangi yake ni ileile iliyotiwa. Pampu haikulia usiku hata mara moja.

Kigwe cha mchepuko sikukitupa. Nimekiosha, nikakitia klempu zake mbili na bisibisi inayozitosha, nikakitundika kwenye msumari kando ya injini pamoja na karatasi yenye mchoro wa matundu mawili yanayohusika, ili atakayekihitaji gizani asianze kwa kutafuta. Ami ameongeza kwa mwandiko wake chini ya mchoro: "Kwanza zima pampu."

Yaliyobaki: kuandika majina kwenye mabomba, kupaka rangi mfuniko wa sanduku, na kuijaribu vali ya usalama kwa mkono kila baada ya miezi sita. Chupa iliyo chini ya sinki leo ni kavu.